Damaris Wakesho Mwadime na Mkeka wa Najma

Wachungaji wetu, masheikh mliotuheshimu kwa kufika, wazee, kina mama, majirani wa Najma na wa Fereej Bin Mahmoud, na ninyi mlioomba ruhusa kazini ili muwe hapa, familia ya marehemu Mzee Nahashon Mwadime wa Werugha, pamoja na ya Mzee Mwakio wa Mgange, imeniteua mimi Kevin Mwadime, kitinda mimba wa nyumba yetu na dereva wa hoteli hapa Doha, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye hakuniachia kumaliza sentensi hata mara moja tangu nijue kusema, leo nitazimaliza zote, na zile ndefu nitazisoma polepole makusudi.

Damaris Wakesho Mwadime alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika kijiji cha Werugha, milimani Taita, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Mzee Nahashon Mwadime, fundi wa njia ya reli, na Mama Phoebe Mkawasi. Baridi ya Werugha hakuionja sana, kwa sababu kabla hajaota meno baba alihamishiwa Voi, kisha Makindu, na mwishowe Changamwe, Mombasa, katika kota za reli, ambako ukuta wa kulia ulikuwa wa Mjaluo, wa kushoto wa Mkamba, na mlango wa mbele wa Mdigo, na harufu ya chakula cha kila mmoja iliingia kwetu bila kubisha hodi. Baba alikuwa mtu aliyeokoka kwelikweli, mambo ya kale ya Kitaita aliyaita mambo ya giza na hakutaka yatajwe mezani, kwa hiyo dada yetu alikua akijua Wajaluo wanavyolia msiba wao na Wadigo wanavyomwogesha mzazi, lakini kuhusu Wataita alijua nyimbo za kanisani, na aibu ya kushindwa kumjibu bibi yake kwa Kitaita kila tulipopanda mlimani wakati wa Krismasi.

Alianza masomo Changamwe mwaka 1973 na kumaliza darasa la saba mwaka 1979, akajiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Mombasa kuanzia 1980 hadi 1983, ambako, kwa maneno ya mwalimu wake wa darasa, alikuwa mwanafunzi mzuri kama angenyamaza. Mwaka 1984 aliingia chuo cha hoteli, akasomea usimamizi wa vyumba, na alipofuzu mwaka 1986 aliajiriwa katika hoteli moja ya Nyali, akaanza na kutandika vitanda na kupanda ngazi hadi kuwa msimamizi wa vyumba vyote, cheo alichokiheshimu kiasi kwamba hata nyumbani kwetu ukilala vibaya juu ya shuka lililonyooshwa ulijua utaamshwa.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa takatifu na Bwana Cornelius Mwakio, kijana wa Mgange aliyekuwa mlinzi katika hoteli hiyohiyo, mtu mkimya ambaye wengi tulijiuliza angeishije na dada yetu, na jibu lake, alilolitoa siku ya harusi alipolazimishwa kuhutubia, lilikuwa kwamba nyumba inahitaji mtu mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia, na wao walikuwa wameshagawana kazi. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Millicent Mghoi, aliyezaliwa Mombasa tarehe 5 Juni 1993, na Nahashon, aliyezaliwa hapa Doha tarehe 21 Januari 2003, na kati ya uzazi huo wa kwanza na wa pili ndipo ilipo sababu ya watu wengi waliojaa ukumbi huu leo, kwa hiyo naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Millicent alipozaliwa mama yetu alikuwa hai. Alimchukua binti yake, akamlaza kota ileile ya Changamwe, na kwa siku zote arobaini Damaris hakunyanyua sufuria wala hakushika ufagio, Mdigo wa mbele akileta maji ya moto ya kumkanda, Mkamba akileta uji, na mama akizuia wageni mlangoni kama askari wa benki, na dada yetu alizoea kusema baadaye kwamba wakati ule alidhani watu wanamsumbua, hakujua kwamba wanamshikilia asianguke. Mama alitutoka mwaka 1999. Cornelius alitangulia Doha mwaka 2001 kwa kazi ya ulinzi, akapanda cheo, akaruhusiwa kuleta familia, na tarehe 17 Agosti 2002 Damaris na Millicent walishuka uwanja wa ndege, akaona joto la hapa, akamwambia mumewe kwamba hajawahi kufungua oveni akakuta watu ndani.

Waliishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, na huko ndiko alikorudi kutoka hospitali na Nahashon mikononi. Hospitali ilimhudumia vizuri, hilo alilisema daima, lakini hospitali hukupa mtoto na kukufungulia mlango, na nyumbani hapakuwa na mama, wala Mdigo, wala Mkamba. Cornelius alikuwa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo na hakuweza kuikosa, Millicent yuko shuleni, naye dada yetu, yule tuliyemjua kuwa hana siku ya kununa, alikaa kitandani na pazia limefungwa, akilia bila kujua analilia nini, mtoto akilia naye, maziwa yamegoma, na siku moja alimtazama mwanawe akamwona kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachwa pale kwa bahati mbaya. Neno hilo alilisema hadharani, mbele ya wanawake, kila mwaka, wala hakulionea haya, na sisi familia tumekubaliana lisemwe hapa pia kwa sababu yeye angeliuliza kama limeachwa.

Chini yao, ghorofa ya pili, aliishi Bi Mwanahamisi, mwenyeji wa Unguja, mke wa mpishi. Alikuwa amesikia kilio cha mtoto kikipita kwenye bomba la maji kwa muda, na alichokisikia hakikumpendeza, kwa hiyo alipanda ngazi na mkeka kwapani na ndoo ya maji ya moto mkononi, mlango ukafunguliwa, na hakusalimia kwa kirefu, aliuliza tu, "Mzazi, umekandwa wewe?" na alipojibiwa kwamba hakuna wa kumkanda, akasema, "Basi mimi ndo nani hapa," akatandika mkeka sakafuni kwa kuwa chumba kilikuwa na kiti kimoja tu, akamkanda, akamfunga tumbo kwa kanga, akampikia uji wa pilipili manga, akamchukua mtoto ili mama yake alale. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na arobaini ilipotimia Damaris alikuwa amerudi kuwa Damaris, Cornelius akijua kwa sababu alikuwa hapati tena nafasi ya kusema.

Kutoka hapo dada yetu akawa na hofu moja, na maisha yake yaliyobaki yote yalijengwa juu yake. Kufa hakukuogopa, wala umaskini, wala wakubwa wa kazini. Alichokiogopa ni mzazi aliye peke yake nyuma ya pazia katika mji huu, mwanamke mweusi ambaye mama yake yuko mbali, mume wake yuko zamu, na hakuna anayejua kwamba katika utaratibu wa kwao mtu wa namna hiyo haachwi. Yeye na Bi Mwanahamisi wakaanza kuwatafuta, kwa kuulizia misikitini, makanisani, kwenye mabasi ya wafanyakazi, kwa madereva na wapishi na walinzi, na popote waliposikia kuna Mwafrika amejifungua walikwenda na mkeka na ndoo.

Hapa inabidi nieleze kosa lao kubwa, ambalo yeye mwenyewe aliwasimulia wageni wote kabla hawajamaliza chai. Mwaka 2005 Bi Wanjiru, ambaye tunaye hapa mstari wa pili na ameturuhusu, mke wa dereva, alijifungua mtoto wa kiume, na wawili hao wakamvamia kwa mapenzi yao yote, wakamkanda, wakamfunga, wakamnywesha uji wa pilipili uliomtoa machozi, na siku ya saba, wakati Wanjiru yuko bafuni, Bi Mwanahamisi akamnyoa mtoto nywele kama inavyofanywa kwao, dada yetu akimshikia kichwa na kumwimbia. Wanjiru alitoka bafuni akakuta kichwa kinang'aa. Alilia, kisha akawafungulia mlango na kuwaonyesha ngazi, kwa sababu nyumbani kwao nywele za kwanza za mtoto ni za bibi yake, na bibi mwenyewe, mama yake Wanjiru, alikuwa ameshapata viza na anasubiriwa aje na wembe wake.

Wengine wangejificha, lakini Damaris alimchukua Bi Mwanahamisi wakaenda uwanja wa ndege kumpokea yule mama, wakakiri kosa kwake kabla hata mizigo haijatoka, dada yetu akieleza kwa kirefu jinsi walivyokuwa na nia njema, na yule cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, aliwasikiliza mpaka mwisho, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Si mngeuliza tu?" Kwenye begi lake alikuwa amebeba njahi, yale maharage meusi ambayo kwao hupikiwa mzazi, na alipozipika aliwapakulia na wao, wakala vichwa vimeinama. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kikundi chao aliyeruhusiwa kugusa mzazi, mtoto, mgonjwa au maiti kabla ya kuuliza, "Kwenu mnafanyaje?" na jibu likishatolewa linafuatwa hata kama kwa muulizaji ni jambo la ajabu, na Bi Wanjiru, ambaye ndiye aliyewafukuza, akawa mtu wa tatu wa kikundi na mkali kuliko wote juu ya sharti hilo.

Mwaka 2007 walipata kibali cha kukutana kama chama, wakakiita Mkeka, dada yetu akachaguliwa mwenyekiti na akabaki mwenyekiti mpaka juzi, si kwa sababu hakuna uchaguzi, bali kwa sababu kila uchaguzi ulipofika wagombea wengine walikuwa kwenye nyumba za wazazi alikowatuma. Mwaka 2009 walipanga chumba Najma, juu ya duka la dobi, chumba kilichokuwa na joto la pasi mchana kutwa, na hapo Ijumaa, siku ambayo wengi wana mapumziko, walikutana Watanzania, Wakenya na Waganda, Waislamu na Wakristo, wa mahotelini na wa majumbani, watoto wakisukwa nywele huku wakisimuliwa hadithi kwa Kiswahili, wanaume wakikaa na Cornelius kwenye kona wakijifunza kumshika mtoto mchanga, jambo ambalo baadhi yao, walinzi wa miraba minne, waliliogopa kuliko wezi. Dada yetu alikuwa bado ameajiriwa hotelini kama msimamizi wa vyumba, kazi aliyoifanya hapa Doha tangu 2004 hadi alipougua, na kazi ya Mkeka hakulipwa, ingawa Cornelius alikuwa akisema kwa upole wake kwamba kama angelipwa kwa kila neno wangekuwa na nyumba Lusail, kwa matajiri.

Mwaka 2010 binti wa Bi Mwanahamisi, Zuleikha, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alirudishwa nyumbani na shule yake kwa maelezo kwamba nywele zake si nadhifu na zinawatoa wenzake kwenye masomo, na mtoto alikuwa ameanza kuulizia kofia ya kuvaa hata nyumbani. Damaris hakuandika malalamiko. Alivaa suti yake ya kazini, akachukua kitana, mafuta na kigoda, akaenda na mama mtu mpaka ofisi ya mkuu wa shule, akaomba dakika zake, akamketisha Zuleikha sakafuni katikati ya magoti yake na kuanza kusuka palepale, akimweleza mkuu kila hatua, nywele hizi zinaoshwaje, zinapakwa nini, mistari hii hukaa muda gani, na kwa nini unadhifu wa kichwa hiki haufanani na unadhifu wa kichwa kingine. Yule mkuu alianza kwa kutazama saa, akaishia kwa kusogeza kiti chake karibu, na Jumapili iliyofuata, siku ambayo hapa wiki ya shule huanza, Zuleikha aliingia darasani kichwa kimenyooka. Leo anasomea ualimu, na watoto wanaosukwa kule Najma siku za Ijumaa wanasukwa na yeye.

Mkeka ulikwenda pia misibani. Hapa mtu akifariki, mlinzi au msichana wa kazi za ndani, mwili husafirishwa na kitanda chake hupata mtu mwingine, na wenzake hurudi zamu bila kulia, kwa hiyo dada yetu akaanzisha desturi ya kukaa matanga ya kila mmoja wao, hata kama hakuna aliyemjua, na kila mara wakipiga simu kwanza kwa familia iliyo mbali na kuuliza kwao wanafanyaje, ikiwa ni khitma basi wanawake wa Unguja na Tanga wanaongoza, ikiwa ni nyimbo basi Wakenya wanaimba, na familia nyingine, tumewahi kusikia, zilipata nguvu ya kumpokea marehemu wao kwa kujua tu kwamba huku kuna watu waliomlilia.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 taasisi moja ya hisani, watu waungwana ambao sitawataja kwa kuwa hawakupenda kutajwa, iliwapa Mkeka nafasi katika jengo jipya Lusail, sakafu inang'aa, kiyoyozi hakipigi kelele, na vyumba vidogo vya kuzungumzia na mshauri mmoja mmoja, na masharti yalikuwa mepesi kwa kuyasikia, kwamba watu waje kwa miadi, asiruhusiwe mtu kupika, watoto wasije, na huduma iwe ya namna moja kwa mataifa yote. Wenzake walitaka kukataa. Damaris, ambaye alipenda vitu vizuri na hakuona dhambi yoyote kwenye kiyoyozi, alisema wajaribu, wakahama mwezi wa Februari, akanunua hata maua ya mezani. Hakuja mtu. Aliketi pale wiki baada ya wiki na maua yake, simu zikiita kutoka Najma, mpaka mwezi Mei wakapata habari ya mzazi mmoja, Mtanzania, ambaye alikuwa amepewa miadi ya Lusail na hakwenda, na jirani alipoingia kwake alimkuta hajala tangu jana yake, pazia limefungwa.

Mzazi huyo alipona, yupo, na mtoto wake anakimbiakimbia huko nje, lakini dada yetu alirudi siku ile na uso ambao Cornelius anasema alikuwa ameuona mara moja tu, mwaka 2003. Kesho yake aliomba kikao na wakubwa wa taasisi, na tunaye shahidi aliyekuwepo, naye anasema Damaris hakupandisha sauti, aliwashukuru kwa kila kitu, kisha akawaambia, "Mzazi kwetu hatoki nje. Ninyi mmemwambia aje, na huyo ndiye asiyeweza kuja. Sisi ndio tunaomfuata, na tunamfuata na chakula chake, na watu wake, na lugha yake, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojua kwamba hajaachwa." Akawarudishia funguo pamoja na sinia la mahamri. Mkurugenzi wao, mwanamke wa hapahapa Doha, alikaa na maneno hayo, akaja Najma Ijumaa moja bila kutangaza, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na alipoondoka hakuahidi kitu, lakini kabla ya Ramadhani Mkeka ulipata gari dogo la kuwafuata wazazi, na mimi nikapata kazi ya pili isiyo na mshahara, kwa sababu dada yetu aliamua kwamba dereva tunaye.

Mwezi Agosti 2017 Damaris alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulalamika tukaogopa. Tarehe 3 Septemba 2017 madaktari walimkuta na saratani ya mfuko wa mayai, akafanyiwa upasuaji mwezi huohuo na kuanza matibabu ya dawa, akapata nafuu, akarudi kazini Machi 2018, na mwezi Julai ikarudi kwa nguvu mpya. Nyumbani Werugha wazee walitaka arudishwe, wakisema mtoto wa watu hawezi kufia ugenini akihudumiwa na watu baki, na simu zilipigwa nyingi na kwa sauti ya juu, naye akajibu kwamba atakuja, lakini hana haraka, na wakati huo ana mzazi wa kumwangalia.

Alipolala kitandani moja kwa moja, mwezi Oktoba, wanawake wa Mkeka walikuja Fereej Bin Mahmoud, Bi Mwanahamisi mbele na Bi Wanjiru nyuma yake, wakaketi, na Bi Wanjiru, kwa kuwa sharti ni sharti, akamuuliza mwenyekiti wao, "Damaris, kwenu mnafanyaje na mgonjwa?" Dada yetu alikuwa amewauliza hivyo watu wa makabila tusiyoweza kuyahesabu, na yeye mwenyewe, mtoto wa kota za reli na wa baba aliyefunga mlango wa mambo ya kale, hakujua. Nilipigiwa simu niwaulize shangazi zetu milimani, nikawauliza, wa kwanza akasema mgonjwa hukaa na dada zake, wa pili akasema hapana, ni wake za kaka zake, wa tatu akasema tangu Mzee Mwadime aokoke hayo hayasemwi, na wote watatu wakagombana kwenye simu yangu mpaka salio likaisha. Nilipomrudishia majibu hayo Damaris alilia. Sisi ndugu zake hatukuwahi kumwona akilia tangu tumzike mama, na niliumia, kwa sababu nilielewa kwamba hakuwa akilia ugonjwa.

Wanawake wale hawakumbembeleza, walingoja jibu, kama yeye alivyowafundisha kungoja. Kisha akajifuta, akasema, "Wanjiru anipikie njahi. Mwanahamisi anikande miguu. Watoto waje, na wapige kelele, msiwanyamazishe," akafikiri kidogo, akaongeza kwamba Cornelius akae palepale alipo, na kama kuna mtu Werugha atakayeuliza huo ni utaratibu wa wapi, aambiwe ni wa Damaris. Hivyo ndivyo alivyouguzwa mpaka mwisho, na kaka yetu mkubwa aliyefika kutoka Taita akiwa na nia ya kumchukua, alikaa siku mbili kwenye chumba kile chenye kelele, akampigia simu mzee wa ukoo akamwambia waache, dada yuko kwa watu.

Katika wiki yake ya mwisho hakuzungumzia jeneza wala nyimbo. Alimzungumzia Proscovia, mke wa mlinzi, Mganda, aliyepanga Najma na kukaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na alitaka kujua nani ameshamuuliza, na Jumanne jioni, akiwa amepelekwa hospitali na sauti imekuwa ndogo, alimshika Millicent mkono akamwambia mara mbili kwamba mtu asije akamwacha Proscovia kwa sababu ya msiba. Damaris Wakesho Mwadime alifariki dunia Jumatano, tarehe 14 Novemba 2018, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mumewe akiwa amemshika mkono na binti yake akimsomea Zaburi. Ameacha mume, watoto wawili, kaka watatu nikiwemo mimi, na wazazi na watoto ambao hatuwezi kuwapanga kwa majina. Mwili utaondoka kesho, na mazishi yatafanyika Werugha, Jumanne tarehe 20 Novemba, kando ya mama yetu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, waliomtibu kwa heshima na kuvumilia wageni wake wengi kuliko kanuni inavyoruhusu, uongozi na wafanyakazi wenzake wa hoteli, wachungaji na masheikh, ubalozi kwa kutusaidia karatasi za safari, majirani wa ghorofa zote, yule dobi wa Najma aliyefunga pasi zake leo, na chama cha Mkeka, ambacho kwetu ni ukoo.

Najua pia kwamba tangu tukae wengi wenu mmekuwa mkimtafuta Bi Mwanahamisi kwa macho, na wengine mmeniuliza mlangoni kulikoni, rafiki yake wa damu asionekane siku kama hii, kwa hiyo nawajibu wote pamoja. Jana mchana Proscovia alijifungua mtoto wa kike. Wanawake wa Mkeka walikuwa wameshakaa matanga, na palizuka ubishi, maana wapo walioona si vizuri mtu kutoka kwenye kilio akaenda kumshika mtoto mchanga, na wapo waliosema hawana miguu ya kutembea. Bi Mwanahamisi alichukua simu akampigia Proscovia hospitalini, akamweleza kilichotokea, akamuuliza kwao wanafanyaje mtu anapotoka msibani. Proscovia akalia naye, kisha akasema nyumbani kwao huyo hunawa mikono na miguu nje ya mlango, ndipo aingie. Leo asubuhi mzazi ameletwa nyumbani, Bi Mwanahamisi amenawa mlangoni, ameingia, na yuko huko sasa hivi tunavyozungumza, hakumwona rafiki yake akiagwa wala hatamwona tena, na ameniagiza niseme kwamba pazia liko wazi na mzazi amekula.

Dada Damaris, nimezimaliza zote. Lala salama, upumzike kwa amani yake Mungu, Proscovia ana mtu.